Tusiuze Njia ya Kushukia Pwani

Picha ya ufukwe wa Paje inayotangazwa Ulaya haina mtu. Ina mchanga mweupe, mnazi ulioinama, maji ya kijani kibichi na kitanda cha kujilaza chini ya mwavuli. Anayelipia likizo ya kifahari hulipia hasa huo upweke wa kuwa yeye na bahari tu.

Mashariki ya Unguja upweke huo haupo. Siku za bamvua, maji yanapokupwa, bahari hurudi nyuma mpaka karibu na mwamba, na eneo lote linaloachwa wazi huwa mahali pa kazi. Wanawake hushuka na kamba na vijiti kuhudumia mashamba ya mwani, zao lililoanza kulimwa huku kibiashara mwaka 1989. Wengine hupita na kijiti kirefu wakichokoa pweza kwenye matundu ya mawe. Huku juu, kwenye mchanga uleule ambao mgeni ameambiwa ni wa hoteli yake, yamefukiwa makumbi ya nazi na kuwekewa mawe. Yatakaa hapo miezi kadhaa mpaka yaoze na kulainika, kisha yafukuliwe, yapondwe na kutolewa usumba wa kusokotea kamba. Mgeni akipita juu yake anaona mawe tu.

Ni lazima tuanzie hapo, kwa sababu mjadala wa utalii Zanzibar kwa kawaida huanzia kwenye hesabu ya vichwa. Mwaka 2023 visiwa vilipokea watalii zaidi ya 600,000, ilhali sensa ya 2022 ilihesabu wenyeji wapatao milioni 1.9. Serikali imeupa utalii nafasi ya mbele katika sera yake ya uchumi wa buluu, imekodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji wa hoteli za kifahari, na tangu Oktoba 2024 wageni watu wazima kutoka nje ya nchi hulipia bima ya dola 44 ili kuingia. Wapo wanaosema njia iliyo salama ni kuwa na wageni wachache wanaolipa sana, badala ya umati unaolipa kidogo na kuacha taka nyingi.

Hoja hiyo ina uzito. Ghuba ya Maya huko Thailand ilipata umaarufu baada ya kuonekana kwenye filamu ya mwaka 2000, na kwa miaka mingi boti zikaingia mpaka ufukweni, zikitupa nanga juu ya matumbawe. Ilibidi ifungwe katikati ya mwaka 2018, na haikufunguliwa tena mpaka Januari 2022, safari hii kwa masharti: boti hutia nanga upande wa nyuma wa kisiwa, na idadi ya watu wanaoingia kwa wakati mmoja ina kikomo. Papa wadogo wenye ncha nyeusi mapezini, waliokuwa wamehama, walirudi. Nasi tunayo Mnemba, mkabala na Matemwe. Kisiwa chenyewe kina hoteli moja ndogo ya bei ghali, na kasa bado wanapanda kutaga mayai. Lakini maji yanayokizunguka hujaa boti zinazotoka Nungwi na Matemwe, zikipakia wageni wa kuzamia na kuwakimbilia pomboo. Ukitazama tofauti hiyo peke yake utashawishika haraka kwamba bei kubwa ndiyo dawa.

Mimi sishawishiki. Bei kubwa hupunguza miguu, ila haipunguzi matumizi. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilichapisha utafiti wa maji uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya moja kijijini ilikuwa ikitumia wastani wa lita 93.2 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ndogo ya wageni kilitumia lita 686. Chumba cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Pwani ya mashariki ya Unguja ni nchi ya mawe ya matumbawe, maji baridi yake yamekaa juu ya maji ya chumvi, na kisima kinachovutwa kupita kiasi huanza kuleta chumvi. Bustani ya majani mabichi na bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini havina gharama kwa mgeni, kwa sababu vimo kwenye bei ya chumba. Gharama yake hulipwa na binti anayebeba ndoo. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mgeni mmoja tajiri ni nafuu kuliko wageni watano wa kawaida, tuna haki ya kuuliza: nafuu kwa nani?

Kisha kuna fedha yenyewe. Mgeni aliyelipia kila kitu kabla ya kupanda ndege, chumba, chakula na vinywaji, anaweza kumaliza wiki nzima asitoe hata shilingi nje ya geti. Mgeni wa nyumba ndogo ya wageni hana jiko la kifahari la kumfungia ndani. Atakula mtaani, atakodi baiskeli, atanunua sabuni ya mwani.

Maldives walijaribu njia nyingine. Hoteli yao ya kwanza ya kitalii, Kurumba, ilifunguliwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kisiwa kimoja, hoteli moja, huku wananchi wakiishi kwenye visiwa vyao. Umaarufu ulikuja na dola zikaja, lakini ilibidi wangoje karibu miongo minne ndipo watu wa visiwa vinavyokaliwa waruhusiwe kufungua nyumba zao za wageni. Unguja haiwezi kuiga hilo hata ikitaka. Huku hoteli na kijiji viko ubavu kwa ubavu, vinatumia ufukwe mmoja, na mara nyingi kilichopo kati yake ni ukuta.

Ukuta huo, kwangu, ndio kiini cha suala hili. Jamaica ina sheria ya fukwe ya mwaka 1956 iliyoukabidhi mwambao kwa serikali bila kumpa mwananchi haki ya jumla ya kuufikia, na hadi leo Wajamaika wanadai mahakamani njia za kwenda kuoga na kuvua pale walipovua babu zao. Hatari ya kwetu ni ya kimyakimya zaidi. Hakuna anayemkataza mvuvi bahari. Kinachotokea ni kwamba njia ya miguu iliyokuwa ikipita kwenye minazi inazibwa na ukuta wa hoteli, halafu jirani naye anajenga, halafu mwanamke aliyekuwa akishuka na gunia la mwani kwa dakika chache anazunguka kijiji kizima, na akifika mchangani anakuta mlinzi anayemuuliza anakwenda wapi.

Zanzibar haina udhuru hapa, kwa kuwa tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ni ya umma. Mwekezaji hauziwi kiwanja, anakodishiwa, na familia iliyokuwa ikilitumia eneo hulipwa zaidi fidia ya minazi na mazao. Mwenye kalamu ya mkataba ni Serikali. Inaweza kuandika humo, kabla ya jiwe la kwanza, kwamba njia fulani ya upana fulani itabaki wazi usiku na mchana, kwamba hoteli haitayafukua makumbi ya wanakijiji, kwamba maji ya hoteli yatapimwa kwa mita na hesabu yake kubandikwa kwenye ofisi ya sheha. Wazee wa shehia na wanawake wa mwani wanazijua njia hizo kwa majina. Waitwe wazichore kwenye ramani kabla mkataba haujatiwa saini, na mikataba ya zamani irekebishwe kila inapofika wakati wa kuhuishwa.

Wawekezaji watasema mgeni wao anataka faragha na usalama. Faragha ya chumba na bustani wanayo, na hakuna anayeigusa. Usalama hauletwi na uzio unaomfanya kijana wa Jambiani aione hoteli kama jeshi lililopiga kambi kwao.

Na jambo hili haliwahusu Wazungu peke yao. Maharusi wa Dar es Salaam na Nairobi nao huenda fungate Nungwi na Kendwa, na familia nyingi hupanda boti wakati wa sikukuu. Sisi tunaweza kuuliza kwa Kiswahili yale ambayo mgeni wa mbali hajui kuyauliza. Kabla ya kulipia chumba, mpigie simu mhudumu wa mapokezi umuulize wanakijiji hushukia wapi baharini na hoteli inapata wapi maji yake. Akijibu kwamba pwani yao ni ya wageni tu, tafuta hoteli nyingine, na umwambie kwa nini.