Mkasi na Kalamu

Watu wawili wana dai juu ya picha za dhihaka, sura za watu mashuhuri na nyimbo za mitaani za Uingereza ya kale. Wa kwanza ni mkusanyaji, mwenye fedha na mkasi. Wa pili ni mwandishi wa orodha, mwenye kalamu na subira. Desturi imempa wa kwanza sifa zote: mkusanyo huitwa kwa jina lake hata baada ya kufa kwake, na jina hilo hutiwa dhahabu migongoni mwa majalada. Wa pili huhesabiwa karani tu. Hukumu hii ni dhuluma, na haifai kuachwa isimame. Mkusanyo usio na orodha ni kisima kisicho na kamba: maji yamo, walakini hapana awezaye kuyateka.

Yafaa kwanza kujua vitu vyenyewe vilikuwa nini. Nyimbo hizo zilipigwa chapa upande mmoja wa karatasi moja, na tangu karne ya 16 ziliuzwa sokoni na njiani kwa bei ndogo ambayo hata mtumishi aliimudu. Juu ya karatasi palikuwa na picha iliyochongwa katika ubao. Chini ya kichwa cha wimbo palitajwa jina la mahadhi tu, kwa kuwa mnunuzi alikwisha kuyajua. Mwisho palikuwa na jina la mpiga chapa au la mwuzaji, pengine pamoja na mahali pa duka lake. Picha za dhihaka za karne ya 18 zilichorwa juu ya bamba la shaba, zikatundikwa madirishani mwa maduka ya London, ambako mpita njia asiye na kitu aliweza kumcheka waziri au mwana wa mfalme bila ya kulipa. James Gillray, hodari wa kazi hiyo, aliishi katika nyumba ya Hannah Humphrey, mwenye duka aliyezitoa picha zake. Sheria ya mwaka 1735, iliyopiganiwa na William Hogarth na wenzake, ilimlinda mwenye bamba asiibiwe kazi yake kwa miaka 14, ikataka jina lake na siku ya kutolewa viandikwe katika kila picha. Kwa hiyo ukingo wa karatasi si nafasi tupu. Ndio cheti cha kuzaliwa cha picha.

Ukingo huo ndio uliokatwa kwanza. Mkusanyaji aliyetaka karatasi zake zilingane katika jalada alipunguza kila kilichozidi, na jina na tarehe vikaanguka chini ya meza, vikafagiliwa pamoja na vumbi. Alibaki na picha safi isiyojua ilikotoka.

Maovu makubwa zaidi yalifuata kitabu chema. Mwaka 1769 kasisi James Granger alitoa historia ya maisha ya watu wa Uingereza iliyopangwa kwa kufuata sura zao zilizopigwa chapa. Aliwagawa watu katika mafungu 12, tangu wafalme hata watu wa chini kabisa waliojulikana kwa jambo moja tu: huyu kwa kuishi miaka mingi, yule kwa kosa lililompeleka mahakamani. Nia yake ilikuwa kuorodhesha. Matajiri waliomsoma walidhani wamepewa ruhusa ya kuwinda. Walitaka kila jina liwe na sura yake mbele yake, wakanunua vitabu vikongwe si kwa kuvisoma bali kwa kuvipasua. Bei ya sura zilizokuwa zikipatikana kwa fedha kidogo ikapanda. Kitabu cha Granger kikavimba majumbani mwa mabwana hata kikawa majuzuu makumi, na kwa kila ukurasa ulionenepa humo kitabu kingine kilikondeshwa mahali pengine. Hata lugha ya Kiingereza ilipata neno la tendo hilo kutokana na jina la kasisi, aibu ambayo yeye, aliyefariki mwaka 1776, hakuistahili.

Mtetezi wa mkusanyaji ana jibu lake. Husema kwamba karatasi hizo zilibandikwa kutani, zikafungiwa vitu, zikawashiwa moto. Kama si mkusanyaji, kisingebaki kitu cha kuorodheshwa. Hoja hii ina kweli, na kweli haina budi kukubaliwa. Samuel Pepys, aliyefariki mwaka 1703, aliacha nyimbo zipatazo 1,800 katika majuzuu matano. Lakini Pepys alikuwa na kalamu pia. Alizipanga nyimbo kwa mambo yake, za ibada mbali na za historia, za mapenzi mbali na za misiba. Akaiwekea maktaba yake orodha. Akaagiza vitabu vyake visiongezwe wala kupunguzwa baada yake. Vilifika Magdalene College, Cambridge, mwaka 1724, na vingali huko. Hata hivyo naye alikata karatasi ili zienee katika kurasa zake. Ikiwa mwangalifu kama huyo aliushika mkasi, mzembe atafanya nini?

Kisa cha Thomas Percy kinafundisha zaidi. Alikuta maandiko ya mkono ya nyimbo za kale katika nyumba ya rafiki yake huko Shifnal, watumishi wakichana kurasa na kuwashia moto. Aliyaokoa, na kwa hilo anastahili shukrani. Kisha, katika kitabu alichokitoa mwaka 1765, alizirekebisha nyimbo, akajaza mapengo, akalainisha kilichoparuza masikio ya wakati wake. Tena yeye mwenyewe aling'oa kurasa katika maandiko hayo na kuzipeleka kwa mpiga chapa. Wasomaji walingoja zaidi ya miaka mia, hata J. W. Hales na F. J. Furnivall walipoyatoa maandiko yenyewe mwaka 1867 na 1868. Mtumishi hakujua alichokichoma. Percy alikijua alichokibadili. Kuokoa kitu motoni hakumpi mtu haki ya kukigeuza.

Yako pia mambo ambayo mkusanyaji, hata akiwa mwaminifu, hawezi kuyaona akiwa peke yake na kipande chake. Wapiga chapa wa nyimbo walitumia ubao mmoja mara nyingi: bibi aliyekuwa malkia katika wimbo huu alikuwa mpenzi aliyeachwa katika wimbo ule. Mwenye kukata picha hiyo na kuiandikia jina la malkia amejidanganya na kuwadanganya warithi wake. Bamba la shaba nalo si la kuaminiwa haraka. Pierre Lombart, katika karne ya 17, alichora mtu juu ya farasi kwa kufuata picha ya van Dyck ya mfalme Charles wa Kwanza. Katika nakala nyingine za bamba hilo kichwa ni cha mfalme. Katika nyingine ni cha Cromwell, adui yake. Na zipo nakala ambazo kiwiliwili hakina kichwa kabisa. Mwenye nakala moja ataapa kwamba anayo sura ya mfalme. Ni yule aliyezilaza nakala zote mezani, akaandika tofauti ya kila moja, ndiye aliyeweza kusema kwamba bamba ni moja na vichwa ndivyo vilivyopita, kama dola zilivyopita.

Kazi hiyo ilifanywa kwa ukamilifu katika British Museum. Jumba hilo lilinunua mwaka 1868 picha za dhihaka za Edward Hawkins, aliyekuwa mtumishi wake. Frederic George Stephens alianza kuziorodhesha pamoja na zile zilizokuwamo, na majuzuu yake yalitoka kati ya mwaka 1870 na 1883. Kisha Dorothy George, mwanahistoria, akaishika kazi: majuzuu saba, kutoka mwaka 1935 hata 1954, juu ya picha za mwaka 1771 hata 1832. Orodha nzima ina picha zaidi ya 17,000. Kila picha imeelezwa kwa maneno, maandishi yake yamenakiliwa, watu wake wametambuliwa, na tukio lililoizaa limetajwa. Wako wasemao kwamba hiyo ni kazi kavu isiyo na ubunifu. Na wajaribu. Dhihaka ni chakula kinachochacha upesi kuliko vyote; kicheko cha jana asubuhi ni fumbo la leo jioni. Kumrudishia msomaji kicheko kilichokufa miaka 150 nyuma kunataka elimu ya bunge, ya mavazi, ya kashfa na ya bei ya mkate. Mkusanyaji alinunua karatasi. Dorothy George aliirudishia karatasi maana yake.

Yupo asemaye kwamba siku hizi mabishano yamekwisha, kwa kuwa intaneti inaonyesha kila picha kwa kila mtu. Haijamaliza kitu. Picha inayorushwa huku na huku bila jina la mchoraji, bila tarehe, bila ukingo, imepitiwa na mkasi uleule, ila huu haufanyi sauti. Dawa yake pia ni ile ya zamani. Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, tangu mwaka 2003, kimekuwa kikiweka nyimbo za Pepys na za wengine mahali pa wote, kila karatasi pamoja na maneno yake yaliyonakiliwa, na nyimbo nyingi zikiimbwa kwa mahadhi yaliyotajwa juu yake. Hiyo ni kalamu ya kale katika mkono mpya.

Basi heshima na igawanywe upya. Mkusanyaji apewe shukrani ya mtu aliyetoa kitu majini, na aulizwe pia alikata nini. Mwandishi wa orodha apewe cheo cha mwanachuoni, kwa kuwa bila yeye wimbo wa maskini hubaki pambo katika sanduku la tajiri. Na kila mwenye sanduku la karatasi kuukuu, kabla ya kununua ya pili, aandike ya kwanza ilitoka wapi.