Nithi Hakuna Mashetani, Kuna Newton

Kila ajali inapotokea kwenye daraja la Nithi, maneno huwa yale yale: pale pana mashetani, damu ya waliotangulia inaita wengine, wazee waende wakatambike. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, mimi si mhandisi wa barabara, lakini hili la mashetani limenichosha. Jibu limo ndani ya kitabu cha fizikia cha sekondari.

Kwa msiopajua: ukitoka Embu kwenda Meru, barabara inakata mabonde ya mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Unavuka Thuci, unapita Chuka, halafu unateremka Nithi. Mteremko, kona kali, daraja. Anayetoka Meru naye anateremka vile vile, maana ni bonde. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Halikuwa la kwanza.

Haya, Newton. Kanuni yake ya tatu, aliyoichapisha mwaka 1687, inasema ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa kani iliyo sawa, upande ulio kinyume. Walimu wetu hupenda kuifundisha kwa roketi, kana kwamba Chuka kuna mtu mwenye roketi! Tuichukue kwa tairi. Dereva akikanyaga breki, breki zenyewe hazisimamishi basi, zinazuia gurudumu tu. Tairi linasukuma lami kwenda mbele, lami inalisukuma tairi kurudi nyuma, na msukumo huo wa lami ndio unaosimamisha basi. Kwenye kona pia: tairi linasukuma lami kwenda nje ya kona, lami inalisukuma basi ndani. Usukani peke yake haukati kona. Kama unabisha, jaribu kukata kona kwenye matope ya mvua ya Aprili.

Wengine huuliza: kama kani hizo ni sawa, mbona hazifutani? Kwa sababu moja iko juu ya lami, nyingine juu ya basi. Lami imeshikana na dunia nzima, haiendi popote. Basi ndilo linalobadili mwendo.

Sasa tatizo. Lami haiwezi kusukuma kupita kiasi ambacho msuguano unaruhusu. Kwa makadirio ya kawaida, lami kavu inatoa karibu asilimia 70 ya uzito wa gari, na yenye maji asilimia 40 hivi. Nimeandika programu ndogo ya mistari kama kumi kuyapima haya. Chukua kona ya mfano yenye nusu kipenyo cha mita 100. Ikiwa kavu, mwisho ni kama kilomita 94 kwa saa. Ikiwa na maji, 71. Ukizidisha, basi linaendelea kwenda lilikokuwa likielekea, yaani bondeni. Na hapo sijaweka breki! Msuguano ni ule ule mmoja: ukiutumia kusimama, unaobaki wa kukata kona unapungua. Basi lenye mizigo juu ya keria nalo linaweza kupinduka hata kabla ya kuteleza.

Halafu kuna joto. Dereva anayeteremka na gia kubwa huku amekanyaga breki njia nzima anazichoma, na breki zilizochomeka hazishiki gurudumu. Tairi likizunguka bure halisukumi lami mbele, basi lami nayo haina cha kujibu. Ndiyo maana madereva wazoefu huteremka na gia nzito tangu juu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kabla ya mteremko, pande zote mbili, pawe na mahali ambapo kila basi na lori linalazimika kusimama na kuingiza gia ndogo. Kibao kionyeshe mwendo wa lami kavu na mwendo wa mvua, maana hizo ni namba mbili tofauti kabisa. Na kona ipanuliwe. Nilipobadilisha 100 ikawa 200 kwenye programu yangu, mwendo wa kwenye maji ulitoka 71 ukafika karibu 100. Najua barabarani hiyo ni kazi ya matingatinga na pesa nyingi, lakini wahandisi wanajua inavyofanywa. Wazee wakitambika, kona inabaki na mita zake zile zile.

Nanyi walimu wa fizikia wa Chuka na Chogoria, wiki ya Newton ikifika, wekeni roketi kando mchore Nithi ubaoni. Baadhi ya hao wanafunzi watakuwa madereva.