Maarifa ya Motakaa: Gari la Mbio Lilalalo Chini ya Turubai

Mtu apitaye nyuma ya nyumba za Jericho, Kaloleni au Buruburu, katika mitaa ya Eastlands mjini Nairobi, huona mara kwa mara umbo la motakaa lililofunikwa turubai, mawe yamewekwa mbele ya magurudumu, na kuku wamelala chini yake. Mara nyingi ni gari la kazi lililochoka. Lakini pengine turubai likiinuliwa huonekana Datsun 1600 SSS, aina ile ile iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1970, au nduguye 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mara hiyo ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na wako watu walionunua gari kwa sababu moja tu, kwamba waliliona likipita mbele yao, matope yamefika juu ya paa.

Leo mwenye gari la namna hiyo ni mzee aliyestaafu, au ni mwanawe aliyeachiwa. Hulitoa siku ya arusi na siku ya Krismasi, kisha hulirudisha mahali pake, akiamini ya kuwa gari lisilotembea halichakai. Dhana hiyo ni kinyume kabisa cha mambo yalivyo. Gari litembealo huchakaa polepole, na mwenyewe husikia. Lile lilalalo huoza kimya.

Kuna desturi iliyoenea sana ya kuiwasha injini kila Jumamosi, ikanguruma mahali pake kwa dakika tano, kisha ikazimwa. Mwenye gari hufurahi kusikia sauti yake. Majirani nao hufurahi, au husema kwamba wanafurahi. Kumbe desturi hiyo yaweza kudhuru kuliko kuiacha injini ilale. Petroli inapoungua hutoa maji kwa namna ya mvuke, na kila lita moja ya petroli hutoa kiasi cha lita moja ya maji. Injini ikipata moto kamili, mvuke huo wote hutoka nje. Ikizimwa ingali vuguvugu, maji hubaki ndani ya sailensa yakaila kwa kutu, na mengine hupenya pembeni mwa pistoni yakachanganyika na oili. Mtu akifungua kifuniko cha kujazia oili akaona utelezi mweupe kama maziwa, basi ajue ya kuwa Jumamosi zake zimeanza kumdai.

Ubaya mwingine wa desturi hiyo ni mkubwa zaidi, maana unahusu roho za watu. Katika mitaa ya zamani nyumba hazikujengewa mabanda ya motakaa, na wenyeji wamejijengea ya mabati, yakiegemea ukuta wa chumba cha kulala. Moshi wa petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayewasha injini katika banda lililofungwa aweza kufa bila kujua kilichomwua, na hewa hiyo yaweza kupita katika nyufa za ukuta ikawafikia watoto waliolala. Yapasa gari lisukumwe nje kwanza, ndipo liwashwe.

Lililo jema ni kulitoa barabarani mara moja kila majuma mawili au matatu, likaenda kwa nusu saa na zaidi mpaka injini, giaboksi na sailensa vyote vimepata moto. Mkazi wa Buruburu aweza kushika Outer Ring Road, akaingia Kangundo Road hadi Ruai na kurudi, alfajiri ya Jumapili kabla matatu hazijajaa. Asiye na nafasi hiyo hata mara moja kwa mwezi na asiliwashe kabisa, bali alilaze sawasawa. Kabla ya kulilaza abadilishe oili, hata kama ya zamani haijamaliza muda wake, kwa kuwa oili iliyotumika ina asidi, na asidi hailali pamoja na gari.

Bado breki, na hapa ndipo penye hatari ambayo haimkuti mwenye gari peke yake. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani, hata ndani ya mfereji uliofungwa. Katika miezi ya mvua kubwa, yaani Machi hadi Mei, kazi hiyo huendelea kila siku bila mtu kuiona. Unyevu ule hufanya mambo mawili: hula silinda za breki kwa kutu, pistoni zake zikakwama, tena hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta yale huchemkia. Dereva akiteremka mlima huku akikanyaga breki, mafuta huchemka, mapovu hujaa katika mabomba, na mguu wake hushuka hadi sakafuni bila kukuta kitu. Kwa sababu hiyo mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili, gari liwe limetembea au halikutembea. Chupa iliyokaa wazi rafuni kwa mwaka isitumiwe. Gharama ya chupa mpya ni ndogo mno mbele ya mtoto anayevuka njia ya mtaa akikimbiza mpira.

Kadhalika breki ya mkono isivutwe wakati wa kulilaza gari, kwa maana bitana zake hugandamana na duara la chuma. Vipande viwili vya mti mbele na nyuma ya gurudumu vyatosha. Na siku gari litakapoamshwa, breki zijaribiwe papo hapo mtaani, kwa mwendo wa mtu anayetembea, mara tano au sita, kabla ya kuikaribia Jogoo Road.

Mipira ya magurudumu huwadanganya watu wengi, kwa kuwa yaweza kuwa na meno marefu na huku imekwisha kufa. Ubavuni mwa kila mpira mna tarakimu nne katika mwisho wa maandishi yaanzayo na herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. 3219 maana yake ni juma la 32 la mwaka 2019. Mpira uliopita miaka kumi haufai kwa mwendo wa kasi hata ukiwa haujagusa barabara. Gari likilala, mipira ijazwe upepo kuzidi kawaida kidogo, na chini yake ziwekwe mbao, hasa kwa wakaao penye udongo mweusi, ambao wakati wa mvua humeza gurudumu na wakati wa kiangazi hupasuka.

Betri ifunguliwe waya na kuchajiwa kila mwezi, kwani betri ya asidi iliyoachwa tupu haiponi. Redieta isijazwe maji matupu ya mfereji: Nairobi haina barafu, ni kweli, lakini dawa itiwayo katika maji ili yasigande huzuia kutu pia, na silinda hedi ya Datsun hizi ni ya aluminiamu, ambayo huliwa upesi. Turubai la plastiki lilazwalo juu ya rangi hufungia unyevu chini yake, kisha upepo huliburura pamoja na vumbi kama msasa. Kitambaa cha pamba ndani ya banda ni bora mara nyingi. Na panya! Hao hupenda nyaya na sifongo za viti kuliko chakula cha jikoni. Bomba la moshi na mdomo wa kuvutia hewa vizibwe kwa wavu wa chuma, na kikaratasi kifungwe kwenye usukani kumkumbusha mwenyewe auondoe wavu ule kabla ya kuwasha.

Petroli nayo huharibika. Baada ya miezi michache huanza kugeuka, ikaacha gundi katika kabureta, na SSS inazo mbili, ambazo zote yapasa zipatane. Kwa kulaza gari miezi miwili tangi lijazwe, ili pasiwe na nafasi ya hewa yenye unyevu kutia kutu. Kwa mwaka mzima ni heri kuitoa yote, maana tangi lililojaa karibu na jiko la jirani si jambo la kulala usingizi nalo. Wengine huogopa petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee iuzwayo tangu ile ya zamani ilipoondolewa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwaka 2006. Hofu hiyo ina msingi kwa injini zenye hedi ya chuma cha kusubu, kama ya MGB, ambazo viti vya valvu ya moshi vilitegemea risasi. Kwa Datsun haina uzito, kwa kuwa viti hivyo vimepachikwa vya chuma kigumu.

Vipuri bado hupatikana kwa mtu mwenye subira, katika Kirinyaga Road na katika karakana za Kariobangi. Gari zima la kuchukua nafasi yake si rahisi, maana sheria ya Kenya huzuia kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa kupita miaka minane. Kwa hiyo asiyeweza kulitembeza wala kulilaza vema na aliuze lingali linanguruma. Wapo wanunuzi, na wapo wanaoyapeleka magari ya jinsi hiyo kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 na ambayo yamefanywa kwa miaka mingi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Gari lililouzwa kwa mizani ya chuma chakavu halirudi.

Jambo moja huwakwamisha wana wengi wa Eastlands siku ya kuuza. Logbuku ingali katika jina la baba, na baba ni marehemu. Shirika la NTSA haliwezi kuhamisha umiliki kwa neno la mdomo la wana. Huhitaji hati ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, na hati hiyo huchukua miezi kupatikana, zaidi ndugu wakiwa hawapatani. Mzee angali hai aweza kulihamisha gari kwa jina la mwanawe kwa siku chache, na bima ya kuwakinga watu wengine, ambayo sheria huidai hata kwa safari moja ya Jumapili, ikaandikwa kwa jina hilo hilo.