Viuadudu vya Kibaha, Mbu wa Kibondo

Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliuweka Mkoa wa Kigoma juu ya mikoa mingine yote ya Tanzania Bara. Kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 24 walikutwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa 7. Juni ya mwaka huohuo Rais John Magufuli alifika Kibaha, kwenye kiwanda cha viuadudu kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, akaziagiza halmashauri zinunue dawa ya kuua viluwiluwi. Je, Wilaya ya Kibondo, mkoani Kigoma, itoe mapato yake ya ndani kwa dawa hiyo? Naamini itoe, ila kwa masharti.

Dawa yenyewe ni ya kuaminika. Ndani ya matangi yaliyofungwa hukuzwa bakteria, akiwemo Bacillus thuringiensis israelensis. Hulishwa, huingiziwa hewa na kutunziwa joto, na hofu kubwa ya mafundi ni kijidudu kigeni kupenya, kwani kinaweza kuharibu tangi zima. Bakteria hao wanapogeuka spora hutengeneza chembe za protini. Kiluwiluwi akizimeza, zinageuka sumu tumboni mwake na kuutoboa utumbo. Samaki, ng'ombe na binadamu hawadhuriki. Huu ni ujuzi wa kulindwa kwa wivu, maana nchi inayoweza kukuza bakteria katika tangi safi imekwisha kupiga hatua kuelekea kutengeneza chanjo zake.

Shida iko dimbwini. Dawa hii huisha nguvu ndani ya siku chache au wiki mbili hivi, na yai la mbu huchukua muda kama huo kuwa mbu anayeruka. Anayenyunyiza mara moja kwa mwezi anamwaga fedha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri njia hii itumike pale mazalia yalipo machache, yanakaa mahali pamoja na kupatikana kwa urahisi. Mvua zikikolea, Kibondo haiko hivyo hata kidogo: maji hutuama kwenye nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali na majaruba ya mpunga. Kiangazi, Juni hadi Septemba, maji hubaki mabondeni na kwenye mashimo ambayo mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuyataja moja moja. Hapo ndipo pa kumpigia mbu.

Madumu ya dawa yakifika wilayani bila posho ya mnyunyizaji, bila bomba la mgongoni na bila orodha ya mazalia, yatakaa stoo mpaka muda wake upite. Ningeanzia Kibondo mjini na vijiji vya jirani na Nduta, palipofunguliwa kambi ya wakimbizi, tena bila kupunguza chandarua hata kimoja ili kulipia dawa.

Waheshimiwa madiwani, bajeti ikiletwa mezani, ulizeni kwanza nani atayapitia mazalia ya mbu kila wiki na atalipwa nini. Idadi ya lita ifuate baadaye.