Lenzi ya mamilioni, mkanda wa bure

Julai 11, 2018, Uwanja wa Luzhniki, Moscow. Nusu fainali ya Kombe la Dunia, dakika ya 109, Mario Mandzukic anaifungia Croatia bao la pili dhidi ya England na kukimbilia kwenye kona. Wenzake wanamrukia, rundo zima linamporomokea mpigapicha wa AFP, Yuri Cortez. Jamaa akaendelea kubonyeza kamera akiwa chini ya miili. Wachezaji wakamuinua, Domagoj Vida akambusu, dunia ikacheka.

Ilikuwa bahati. Rundo kama lile likimkuta mtu aliyezungushia mkanda shingoni, na mbele yake kuna lenzi ya karibu kilo nne, hakuna wa kucheka.

Shabiki wa soka hapa nchini anaona matokeo tu. Asubuhi baada ya dabi ya Kariakoo anaikuta picha ya straika akishangilia, anaiweka kwenye simu, anamtumia mtani wake. Mzigo uliozaa picha hiyo haujui. Chukua lenzi ya Canon ya 400mm f/2.8, toleo la pili: ina gramu 3,850. Ongeza kamera ya 1D X Mark II yenye betri, kilo moja na nusu. Hapo umevuka kilo tano, yaani ni kama kujining'iniza dumu la maji la lita 5 tangu timu zinapasha misuli mpaka mahojiano ya mwisho. Toleo la tatu lililotoka 2018 lilipungua hadi gramu 2,840, ila bei yake Marekani ilikuwa dola 11,999, zaidi ya Sh25 milioni. Anayeangukia mtumba wa toleo la kwanza la IS anabeba gramu 5,370, na hapo kamera bado.

Sasa mzigo wote huo unabebwa na nini? Mara nyingi ni mkanda uliokuja bure ndani ya boksi la kamera, umefungwa kwenye kamera, umetupiwa shingoni. Hapo ndipo balaa linapoanzia. Kamera ni nyepesi kuliko lenzi, hivyo lenzi inaivuta chini muda wote, na kinachoshikilia kila kitu ni ile pete ya chuma inayounganisha viwili hivyo, iliyokazwa kwa skrubu chache ndogo. Pete ikipinda hata kidogo, picha inakuwa kali upande mmoja na ukungu upande mwingine. Mtu anailaumu lenzi kumbe kosa ni la mkanda.

Lenzi kubwa zina vishikizo vyake vya mkanda ubavuni, na zina mguu wa chini wa kufungia stendi. Huko ndiko mkanda unatakiwa kushika. Ukiupitisha begani upande mmoja, ukakatiza kifua hadi kwenye nyonga ya upande wa pili, uzito unahama shingoni na kwenda begani na mgongoni. Lenzi inaning'inia ubavuni ikitazama chini, mkono mmoja ukiwa juu yake kila unapotembea.

Mkono huo una kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Wakati wa mapumziko, timu zinapobadilishana magoli, mpigapicha anayemfuata straika wa timu moja naye anahama. Kwa Mkapa, wenye njia ya riadha kuzunguka nyasi, hiyo ni safari ya upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, nusu mbio nusu mwendo. Kilo tano zikiachwa huru zinayumba kama kengele. Akiinama kuokota chupa ya maji, zinakuja mbele kwa kasi, na aliye karibu ni mtoto anayeokota mipira, kichwa chake kikiwa usawa uleule wa lenzi.

Mikanda ya siku hizi inayofungwa kwa skrubu ya robo inchi chini ya mguu wa lenzi ni mizuri, lakini skrubu hulegea yenyewe kadiri mzigo unavyozunguka. Ikaguliwe kabla ya filimbi ya kwanza na tena mapumziko. Kamba fupi ya pili, kutoka kwenye mkanda hadi kwenye kishikizo cha kamera, inaokoa mali siku skrubu inapoachia. Mshono wa mkanda wa zamani, ulioshiba jasho na mvua, uvutwe kwa nguvu nyumbani, juu ya godoro. Usisubiri uwanja ufanye jaribio hilo.

Halafu kuna ile mikogo ya kuweka stendi ya mguu mmoja begani, kamera na lenzi vikielea nyuma ya kisogo. Inapendeza kwenye picha za mitandaoni. Kwa aliye nyuma ni rungu la kilo tano linaloshikiliwa na skrubu moja. Kwenye msongamano wa getini baada ya mechi, lenzi ikae kifuani, imekumbatiwa, na mkanda uwe na pingili ya kufunguka haraka, kwa sababu anayevuta mkanda anamvuta na mwenyewe.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya wapigapicha wenyewe, wajipange. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni ya waandaaji na wahariri. Mtu anaingia uwanjani na kamera mbili, begi mgongoni na kompyuta kwa sababu hana pa kuacha kitu. Akiacha begi nyuma ya goli, akirudi halipo. Kwa hiyo anavaa vyote, mikanda inajisokota, na wachezaji wakiruka mabango kuja kushangilia hana namna ya kukwepa. Kisha ndiye anayefokewa kwamba amekaa njiani.

Klabu mwenyeji ikiweka chumba kimoja chenye kufuli na mlinzi, mzigo unapungua nusu. Bodi ya Ligi ikitaka chumba hicho kiwepo kwenye maandalizi ya mechi, haitakuwa imeomba kitu kikubwa. Na chumba cha habari kinachomtuma kijana anayelipwa kwa picha, akiwa na lenzi aliyokopa au kukodi, kijiulize nani atalipa ikidondoka. Kwa sasa jibu linajulikana: kijana. Straika akiumia nyama za paja, klabu ina daktari. Mpigapicha lenzi ikipasuka dakika ya tano, anamaliza mechi akiwa mtazamaji, na wiki inayofuata hana cha kufanyia kazi.