Jiko Letu: Mkate wa mbabula

Chakula cha kila siku tunakipika mbiombio. Siku ya posho, tupike kwa furaha tu, si kwa kuuzisha.

Kanda vikombe 4 vya unga wa ngano, hamira, chumvi, sukari kidogo na maji vuguvugu. Acha uumuke saa 1. Tia mchanga mkavu katika sufuria kubwa, weka ndani sufuria ndogo iliyopakwa mafuta yenye mkate, funika. Makala mengi juu ya kifuniko, machache chini.

Unapoiva, keti na watoto, hata wavulana, mshone kishikio cha sufuria kwa mabaki ya kikwembe.

Ukiugonga mkate chini ukalia kama ngoma, umeiva. Mama naye akae, ale ungali moto.