UA LETU, ULAJI WAO!

Ndugu msomaji, wasomi hupenda kutuambia kuwa binadamu wamegawanyika katika matabaka: mwenye mali na mvuja jasho. Sawa. Lakini je, nchi nazo hazina matabaka? Njoo Amani, Usambara Mashariki, ujionee!

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alituma kwao mbegu za ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba ya huku kwetu. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa Hannover akalibandika jina la bwana huyo: Saintpaulia! Leo linauzwa katika vyungu Ulaya na Marekani. Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen. Jina la milima yetu limo dukani; mfukoni mwa Msambaa hamna hata senti!

Mwaka 1902 wakajenga Amani kituo cha utafiti wa kilimo. Kwa faida ya nani? Ya mashamba ya walowezi! Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilieleza hilo katika kitabu chake cha 1972: utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika ni watoto wa tumbo moja.

Watetezi wao watasema mbegu si kitu, thamani ni jasho la wataalamu waliozalisha aina mpya. Haya! Na jasho la mchuma chai wa Kwamkoro ni maji?

Lakini tusiwalaumu Wazungu peke yao. Mkataba wa Rio wa 1992 ulikiri kuwa kila nchi ina mamlaka juu ya mimea yake. Mbegu za 1892 haukuzigusa. Miaka ya 2000 wakulima wa iliki wa Derema wakaondolewa mashambani ili msitu uhifadhiwe. Kulinda msitu ni jambo jema. Ila kwa nini sheria iwe kali kwa mwenye jembe, na pole kwa aliyevuka bahari na mbegu?

Na vigogo wetu je? Azimio la Zanzibar la 1991 liliwafungulia viongozi mlango wa kumiliki hisa na kupangisha majumba. Tabaka la ndani likashikana mkono na la nje, walalahoi tukabaki watazamaji!

Msomaji, mbunge akija kuomba kura, muulize: mmea unaotoka Amani leo unatoka kwa mkataba gani, na fungu la kijiji liko wapi? Akijiumauma, jibu umelipata.